Ngano Ikitoa Masuke Meupe, Usilaumu Jua Pekee

Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Nanyuki hupanda tangu mwanzo. Mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya ng'ombe, ngamia na migunga. Ukipita njia panda ya Subuiga na kuingia upande wa Timau, kaunti ya Meru, joto hupungua na pande zote mbili za barabara hutanda mashamba ya ngano na shayiri, mengine makubwa ya kuvunwa kwa kombaini, mengine ya ekari mbili au tatu za mkulima wa kawaida.

Sisi wa Pwani tumezoea kuiona ngano ikishuka melini. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa zaidi ya ngano inayokula, na karibu yote huingia kupitia bandari ya Mombasa. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga ilipanda na wapika mahamri na chapati walikuwa wa kwanza kuuhisi uchungu huo. Ndiyo maana kila gunia linalopotea kwenye miteremko ile ya juu ya Isiolo linatuhusu hata sisi tunaoishi kando ya bahari. Gunia lisilovunwa Timau hubidi linunuliwe ng'ambo kwa dola.

Makala haya yanahusu njia moja ya kupoteza magunia hayo ambayo haizungumzwi sana. Kila mkulima wa ngano nchini anaijua kutu, hasa ile aina kali ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina la Ug99. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaokaa chini, pale shina linapokutana na mizizi. Mkulima akiupata, mara nyingi husema, "Jua limenimaliza mwaka huu." Msimu unaofuata hupanda ngano palepale, na ugonjwa humngojea.

Ugonjwa wenyewe

Tuuite uozo wa kitako cha shina. Unasababishwa na kuvu wa jamii ya fusariamu. Kuvu hawa hawaitegemei sana hewa wala upepo kama kutu inavyofanya. Makao yao ni masalia, yaani yale mabua na vitako vya ngano, shayiri na nyasi vinavyobaki shambani baada ya mavuno. Humo ndani kuvu hulala, na katika nchi kavu ambako mabua huchukua muda mrefu kuoza na kuwa udongo, inaweza kukaa hai miaka miwili, mitatu au zaidi.

Mvua zikinyesha na mbegu mpya ikachipuka karibu na bua la zamani, kuvu huvuka kutoka kwenye bua hilo na kuingia kwenye mche. Huanzia kwenye maganda ya majani ya chini, kisha huingia kwenye kitako cha shina. Kwa wiki nyingi mmea huonekana mzima. Majani ni ya kijani, shamba linapendeza, na mkulima anahesabu magunia kichwani.

Ndani ya shina, hata hivyo, kuvu inaziba polepole mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa huu. Mvua ikiendelea hadi punje zijae, mmea hupata maji ya kutosha hata kupitia mirija iliyozibwa nusu, na mkulima huvuna bila kujua kwamba shamba lake lina ugonjwa. Mvua ikikatika wakati ngano inatoa maua au inajaza punje, mmea huhitaji maji mengi na mirija haiwezi kuyapitisha. Suke hukauka ghafla na kuwa jeupe, likiwa tupu au lenye punje zilizosinyaa.

Kwa maneno mengine, ugonjwa huu huingia wakati wa mvua na kuua wakati wa jua. Anayeuona ni jua peke yake, na lawama zote humwendea jua.

Kwa nini miteremko ya Isiolo iwe macho

Uozo huu umewatesa wakulima wa nchi nyingi zenye ngano ya nyanda kavu: Australia, Uturuki, Afrika Kaskazini, Afrika Kusini na magharibi ya Marekani. Nchini Australia, makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 yaliweka hasara ya ngano kutokana na ugonjwa huu kuwa karibu dola milioni 80 za nchi hiyo kwa mwaka. Katika mwaka mbaya, aina ya ngano isiyostahimili inaweza kupoteza nusu ya mavuno yake.

Kuvu wa jamii hii si wageni Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamewakuta katika ngano ya Nakuru na Nyandarua, ambako wanajulikana zaidi kwa kushambulia masuke. Mambo matatu yanayokuza uozo wa kitako ni kupanda nafaka juu ya nafaka, kuacha mabua mengi juu ya udongo, na mvua zinazokatika kabla ya punje kujaa. Mambo yote matatu yanapatikana ukishuka kutoka Timau kuelekea Isiolo. Kadiri unavyoshuka ndivyo mvua inavyopungua, na shamba lililo chini ya mteremko hukaukiwa mapema kuliko la juu.

Tusisahau ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli kaskazini mwa Kenya. Baada ya miaka kama hiyo ni rahisi kila suke jeupe kuhesabiwa kuwa la ukame, na shamba kutochunguzwa tena.

Chimba, usitazame juu tu

Kuutambua ugonjwa huu hakuhitaji mashine. Kunahitaji mkulima ainame.

Subiri ngano ijaze punje au ianze kukomaa. Tembea shambani kwa mstari wa mshazari, ung'oe mimea hapa na pale, pamoja na mizizi yake. Usichague yenye masuke meupe pekee, chukua na ile inayoonekana mizima. Kung'uta udongo, kisha bandua yale maganda ya majani yanayolifunika shina kwa chini. Shina zima huwa la kijani hafifu au rangi ya majani makavu. Shina lenye uozo huwa na rangi ya asali iliyoiva, kahawia, kuanzia kitakoni na kupanda hadi kifundo cha pili au cha tatu. Ukikuta utando wa rangi ya waridi chini ya ganda au kwenye kifundo, hasa siku za unyevu, basi shaka imepungua sana.

Lakini masuke meupe yana sababu nyingi, na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kutoa hukumu:

Ukame mtupu hukausha eneo zima, hasa penye udongo mwembamba au mawe. Uozo wa kitako huacha masuke meupe yaliyotawanyika, moja hapa, mawili pale, katikati ya mengine ya kijani. Hata kwenye mmea mmoja, shina moja laweza kuwa jeupe na jirani yake likawa zima.

Baridi kali ya usiku, ambayo wakulima wa sehemu za juu za Timau wanaijua, huharibu masuke ya eneo la bondeni ambako hewa baridi hutuama. Kitako cha shina hubaki safi.

Viwavi wanaotoboa shina huacha tundu na unga wa kinyesi ndani. Suke ukilivuta huchomoka kwa urahisi.

Kuna pia ugonjwa mwingine wa mizizi unaofanya mizizi iwe myeusi kama iliyounguzwa, na wenyewe hushambulia kwa mabaka ya duara shambani.

Mkulima asiyekuwa na hakika achukue mimea kumi au zaidi yenye mizizi, aifunge kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, wala si nailoni maana ndani yake huchacha, na aipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi au kwenye kliniki ya mimea. Kutoka hapo inaweza kufikishwa kwenye maabara ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, ambalo kituo chake cha ngano kiko Njoro.

Hesabu baada ya mavuno

Kazi muhimu zaidi hufanyika baada ya kombaini kuondoka. Chimbua vitako hamsini kutoka sehemu mbalimbali za shamba, uvibandue, na uhesabu vingapi vina rangi ya kahawia. Wakulima wa Australia hutumia kipimo rahisi: chini ya kumi katika mia, hatari ni ndogo, kati ya kumi na ishirini na tano, hatari ni ya wastani, zaidi ya hapo, usipande ngano hapo msimu ujao.

Kwa vitako hamsini, maana yake ni kwamba ukikuta chini ya vitano, shusha pumzi. Ukikuta kumi na tatu au zaidi, badilisha mpango wa shamba kabla hujanunua mbegu. Ni kazi ya asubuhi moja, na haina gharama isipokuwa jasho.

Hesabu hii ni muhimu hata mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri. Mwaka wa mvua nyingi ndio kuvu hujaza shamba bila kelele. Mwaka wa ukame unaofuata ndio hulipiza.

Hakuna chupa ya kuuponya

Hapa wakulima wengi hupoteza pesa. Ukishaona masuke meupe, hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoyarudisha. Dawa za kutu hupuliziwa majani, na kuvu hii iko ndani ya kitako cha shina, mahali ambapo dawa ya majani haifiki kwa kiasi cha kufaa. Dawa za kupaka mbegu zinaweza kusaidia mche kwa kiasi fulani mwanzoni, lakini hazitoshi peke yake kwenye shamba lililojaa kuvu. Muuzaji akikuambia vingine, mwombe akuonyeshe kwenye kibandiko cha chupa mahali ugonjwa huu ulipotajwa.

Tiba iko kwenye kalenda ya kupanda. Kuvu hii inaishi kwa kula masalia ya nafaka na nyasi. Ukiipandia kitu isichokula, na mabua ya zamani yakapata muda wa kuoza, idadi yake hushuka. Msimu mmoja husaidia. Miwili husaidia zaidi, hasa kwenye sehemu kavu ambako kuoza huenda polepole.

Mazao yanayofaa kupokezana na ngano yanajulikana na yanaota kwenye miteremko ile: viazi, njegere, maharagwe, dengu, alizeti, na kanola, ile yenye maua ya manjano ambayo wasafiri wa Timau husimama kuipiga picha. Kanola na alizeti zina faida nyingine. Kenya huagiza kutoka nje mafuta mengi ya kupikia inayotumia, tena kwa bandari ileile ya Mombasa.

Mahindi yasihesabiwe kuwa mapumziko kamili. Baadhi ya ndugu wa kuvu hii hushambulia mahindi pia na kukaa kwenye mabua yake.

Na shayiri? Shayiri huwahadaa wengi. Inakomaa mapema kuliko ngano, hivyo mara nyingi huwahi kujaza punje kabla jua halijawa kali, na hasara yake huwa ndogo. Mkulima mwenye mkataba wa shayiri ya kutengenezea bia anaweza kudhani kwamba anapumzisha shamba la ngano. La hasha. Shayiri huambukizwa vilevile na huacha vitako vilivyojaa kuvu. Kupanda ngano, kisha shayiri, kisha ngano, ni kumlisha adui misimu mitatu mfululizo.

Hata zao zuri la kupokezana halifai kitu likiachwa liote magugu ya jamii ya nyasi ndani yake. Shayiri-mwitu, ngano iliyojiotea na nyasi nyingine humhifadhi kuvu kama kawaida. Ukipanda njegere na kuacha nyasi, umebadilisha jina la zao tu.

Mbinu nyingine, na mipaka yake

Kuna mambo madogo yanayoongeza nguvu ya mzunguko wa mazao. La kwanza ni kupanda katikati ya mistari ya mwaka jana, si juu yake. Vitako vingi vyenye kuvu viko kwenye mistari ya zamani, na mche ukiota mbali navyo hupunguza nafasi ya kuguswa. Anayetumia mashine ya kupandia anaweza kumwomba dereva asogeze kidogo.

La pili ni mbolea. Naitrojeni nyingi mapema huzaa majani mengi, na majani mengi hunywa maji yote ya udongo kabla ya punje kujaa. Mbolea ilingane na unyevu ulioko, na sehemu yake iwekwe baadaye mvua zikionyesha dalili ya kuendelea. Upungufu wa zinki nao huzidisha makali ya ugonjwa, kwa hiyo kupima udongo si anasa.

La tatu ni wakati wa kupanda. Anayepanda mapema ndani ya msimu unaofaa aina yake ya mbegu, hujaza punje kabla ya jua kali. Lakini kwenye sehemu za juu zenye baridi kali, apime pia wakati wa maua usije ukaangukia kwenye baridi hiyo.

Kuchoma mabua ndiyo mbinu ambayo majirani watakushauri kwanza. Moto huondoa kilicho juu, lakini kitako kilicho chini ya udongo hubaki, na humo kuvu hubaki hai. Umepoteza kivuli cha udongo na unyevu, na adui bado yupo. Kupitisha haro nako kuna ubaya wake: huvunja vitako na kuvitawanya shamba zima, hivyo mche popote uotapo hukutana navyo. Wakulima wanaolima bila kutifua wasiharakishe kurudi kwenye jembe kwa sababu ya ugonjwa huu. Mabua yao yanahifadhi maji, na maji ndiyo kinga kubwa siku za mwisho. Wanachohitaji ni kuacha kupanda nafaka juu ya mabua ya nafaka.

Ng'ombe na marobota

Baada ya mavuno, mashamba ya juu huwa malisho. Wafugaji wa Isiolo hulisha kwenye mabua au hununua marobota, na wakati wa ukame biashara hii imeokoa mifugo mingi. Wapo wanaodhani kwamba mifugo ikila mabua, ugonjwa umekwisha. Ng'ombe hula majani na sehemu ya juu ya bua. Kitako hukiacha. Marobota nayo hufungwa kutoka juu ya mahali kombaini ilipokata. Kwa hiyo malisho ni kitu chema kwa mfugaji na kwa mwenye shamba, lakini yasihesabiwe kuwa tiba. Na mwenye kununua marobota kutoka shamba lenye ugonjwa asiyatandaze wala kuyafanya samadi mbichi kwenye shamba lake la ngano.

Nani atapumzisha shamba la kukodi?

Hadi hapa maelezo ni ya kitaalamu, na mkulima yeyote makini atayaelewa. Tatizo gumu zaidi ni la mfukoni.

Ardhi kubwa hulimwa na watu wanaoikodi. Anayekodi ekari tano kwa msimu mmoja ana kodi ya kulipa, mbegu ya mkopo na trekta la kukodi. Ngano ina soko, mashine zake ziko tayari, na ukishavuna unalipwa. Kumwambia apande njegere ili shamba liwe salama msimu ujao ni kumwomba awekeze kwa faida ya mtu mwingine, maana msimu ujao huenda shamba likakodiwa na jirani. Jirani naye anapanda ngano. Mwenye ardhi anapokea kodi yake na haoni ubaya wowote, mpaka siku shamba lake linajulikana kuwa "halizai" na bei yake inashuka.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kuanzia. Mkataba wa kukodi uwe wa misimu mitatu au minne, na ndani yake iandikwe kwamba angalau msimu mmoja si wa nafaka. Kodi ya msimu huo ipunguzwe, kwa sababu mwenye ardhi ndiye anayefaidika na udongo uliopona. Kabla ya kukodi, mkulima aulize swali moja: shamba hili lilipandwa nini misimu mitatu iliyopita? Kisha achimbe vitako hamsini mbele ya mwenye shamba. Kama unavyoikagua gari kabla ya kuinunua, kagua na udongo kabla ya kuulipia.

Kaunti nazo zina wajibu. Afisa wa ugani anayefundisha kutu pekee anamwacha mkulima na nusu ya elimu. Mbegu za njegere, dengu na kanola zipatikane kwa bei na wakati unaofaa, na wanunuzi wapatikane kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Mkulima hapandi zao la kupokezana kwa sababu ni zuri kwa udongo. Hulipanda likiwa na soko.

Msimu ujao mvua zikikatika mapema, masuke meupe yataonekana tena kwenye miteremko ile. Baadhi yatakuwa kazi ya jua, na hayo hatuna la kuyafanya. Mengine yatakuwa yameuawa miezi mingi kabla, siku mbegu ilipowekwa kando ya bua la mwaka jana. Mkulima atakayechimba ndiye atakayejua tofauti.